Uchunguzi otomatiki wa PFAS kwenye udongo: maana yake

PFAS ni jamii ya maelfu ya kemikali za viwandani, zilizotumika kwenye povu la kuzimia moto, vitambaa visivyolowa na vikaango visivyogandisha chakula. Zikishaingia ardhini hukaa miaka na miaka bila kuoza. Maabara ikisema inazipima kwa otomatiki, usidhani mashine imeanza leo kutoa majibu. Hilo hufanywa tangu zamani na spektromita, kifaa kinachotambua kemikali kwa uzito wa molekuli zake. Kinachohamishwa kutoka mikononi mwa watu ni kazi inayotangulia, ya kuzitoa kemikali hizo kwenye udongo.

Na kazi hiyo ni ndefu. Katika utaratibu namba 1633 wa EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, uliokamilishwa Januari 2024 kwa ajili ya kemikali 40 za jamii hii, hupimwa gramu 5 hivi za udongo. Kwanza hutiwa kiasi maalumu cha PFAS zenye isotopu nzito, yaani zilizotengenezwa kwa atomi nzito kidogo kuliko za kawaida, ili baadaye ijulikane ni kiasi gani kimepotea njiani. Udongo hutikiswa ndani ya methanoli, aina ya alkoholi, yenye amonia kidogo, huzungushwa kwa kasi mpaka utuame, kimiminika kikamiminwa, kisha yote hayo yanarudiwa. Kimiminika husafishwa kwa mkaa na kupitishwa polepole kwenye katriji, kijibomba chenye kichujio kinachozinasa PFAS.

Hapo kwenye katriji ndipo mashine inapomshinda binadamu. Kimiminika kikipita haraka mno, kemikali zinaponyoka. Mtu anayehudumia katriji nyingi kwa pamoja atazikimbiza baadhi na kuzichelewesha nyingine, ilhali pampu inayoongozwa na kompyuta huzipa zote mwendo mmoja, asubuhi hadi usiku.

Uwezo huo una maana kubwa mahali kama jimbo la Maine, Marekani. Huko tope la majitaka lilimwagwa mashambani kama mbolea kwa miongo kadhaa, na wakulima wakaja kukuta PFAS kwenye malisho na maziwa. Sheria ya 2021 iliagiza maeneo yaliyopewa leseni ya kumwaga tope hilo yachunguzwe. Mwaka uliofuata umwagaji ukapigwa marufuku. Familia inayosubiri kuambiwa kama inaweza kuendelea kufuga haistahili kukaa foleni miezi.

Ila mashine nayo huweza kuwa chanzo cha uchafu. Mirija na vizibo vingi vya maabara ni vya Teflon, ambayo ni ya jamii hiihii, na kinachotafutwa mara nyingi huwa chini ya nanogramu moja (sehemu moja ya bilioni ya gramu) kwa gramu ya udongo. Kwa hiyo sehemu hizo hubadilishwa kwa plastiki nyingine, na kila kundi la sampuli huambatana na sampuli tupu, yaani isiyotiwa udongo unaochunguzwa, inayopitia hatua zilezile. Sampuli hiyo ikikutwa na PFAS kupita kiwango kilichowekwa, kundi zima linatiliwa shaka. Binafsi, ripoti ya maabara ikinifikia, namba ya sampuli tupu ndiyo ninayoitafuta kwanza.