Seva mbili, sanduku moja

"Mwanangu, si mlituambia mashine ni mbili?"

Aliyeniuliza ni mama mhasibu wa afisi moja hapa Lamu, nami sikuwa na la kumjibu. Mashine zilikuwa mbili kweli, feni zinavuma, taa za kijani zinawaka. Lakini diski za mashine pepe zote, yaani kompyuta za programu zinazoendeshwa ndani ya seva, nilikuwa nimeziweka kwenye sanduku moja la hifadhi lililokaa katikati ya seva hizo, na pawasaplai ya sanduku hilo ilikuwa imeungua. Nilipoifungua nikaona chumvi imetafuna ncha za waya hadi zimegeuka rangi ya majani. Pawasaplai nyingine ilitoka Mombasa kwa basi mpaka Mokowe, ikavuka kwa mashua, nikaipokea gatini. Siku tatu nzima afisi iliandika kwa mkono.

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia anataka huduma isiyosimama, swali langu la kwanza ni moja: data yako inakaa wapi?

Mashine pepe, ukiitazama kwa karibu, ni faili: faili kubwa la diski na jingine dogo la maelezo yake. Seva ya chuma huikopesha prosesa na kumbukumbu tu. Seva ikifa, ya pili inaweza kuiwasha mashine ileile, mradi ilifikie lile faili. Ikikosa kulifikia, hata ukiwa na seva kumi ni bure.

Wengi pia hudhani mashine pepe huruka kutoka seva hadi seva bila mtumiaji kuhisi. Hilo hutokea unapoihamisha kwa hiari, seva zote zikiwa hai. Seva ikizimika ghafla, kilichokuwa kwenye kumbukumbu kimekwenda, na mashine huwashwa upya kwingine, sawa na kompyuta iliyokatikiwa na stima.

Nani basi anaamua kwamba seva fulani imekufa? Hapa ndipo pana utamu wa kazi hii. Anayehudhuria vikao vya chama au vya msikiti anajua akidi: wasipotimia, hakuna azimio. Klasta, yaani kundi la seva zinazofanya kazi pamoja, nayo huenda hivyo hivyo. Seva mbili zina kura mbili, na wingi wa kura mbili ni mbili. Moja ikianguka, iliyobaki haina akidi na hairuhusiwi kuamua lolote. Watu hukasirika wakiliona hili, lakini fikiria kebo iliyo kati yao imechomoka. Kila moja inadhani mwenzake amekufa. Zote zikiiwasha mashine ileile na kuandika kwenye diski ileile, data huvurugika vibaya kuliko kama zote zingezimika. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Ndiyo maana katika Proxmox, programu ya kuendesha mashine pepe ambayo ndiyo ninayoitumia, seva yenye mashine za kulindwa hivi ikikosa akidi kwa sekunde 60 hivi hujiwasha upya yenyewe. Zile zenye akidi husubiri hadi ziwe na hakika kuwa ile haiandiki tena, kisha huchukua kazi. Kwa jumla ni kama dakika mbili kabla mashine haijaanza kuwaka. Wauzaji hupenda kutaja huduma iliyo hewani asilimia 99.999 ya muda, ambayo ni dakika 5 na ushee za kusimama kwa mwaka mzima. Maanguko mawili tu yamezimaliza.

Kura ya tatu tuliipata kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bei nafuu. Haibebi mashine pepe yoyote, kazi yake ni kupiga kura. Niliiweka chumba kingine, kwenye betri yake.

Kwa upande wa hifadhi nilifikiria Ceph, mfumo wa hifadhi ya pamoja ambao kwa kawaida hutunza nakala 3 za kila kipande cha data kwenye seva 3 tofauti. Ni kazi nzuri mno. Lakini inataka seva tatu kamili na mtandao wa gigabiti 10, na kwa afisi ya watu wanane kisiwani huo ni mzigo. Nikachagua ZFS, mfumo wa kupanga data kwenye diski: kila seva ina diski zake, na mabadiliko hupelekwa kwa mwenzake kila baada ya muda. Proxmox huanza na dakika 15, nikaweka 5. Diski nikasisitiza ziwe zile zenye kapasita ndani, ambazo stima ikikatika hubaki na nguvu ya kumalizia kuandika zilichokwisha kukubali. Hapo sikubali kubana pesa.

Ijumaa moja baada ya swala, mama mhasibu akiwa kazini makusudi, tulifanya jaribio. Aliingiza risiti, nami nikachomoa waya wa seva ya kwanza. Tukatazama saa ya ukutani. Dakika moja, kimya. Mbili, kimya. Ilipokaribia ya nne, mfumo ukafunguka kwenye skrini yake. Akashusha macho hadi chini ya orodha, kisha akafungua kitabu chake cha risiti.

"Hizi tatu za mwisho hazimo."

Hazikuwemo kweli. Aliziingiza baada ya nakala ya mwisho kuvuka, na seva ya pili haikuwahi kuziona. Nikamweleza kwamba ndiyo bei ya kutokuwa na sanduku la katikati: hutasimama siku tatu, ila unaweza kupoteza dakika chache. Nikamwambia pia kuwa kitu kikifutwa kwa makosa huku, hufutika na kule, kwa hiyo nakala rudufu ya kila usiku inabaki palepale, kwenye diski nyingine.

Akaniuliza kama dakika tano zinaweza kuwa moja. Zinaweza. Nikabadilisha tukiwa pale pale, naye akaziingiza upya zile risiti tatu na kukirudisha kitabu kwenye droo, karibu na mkono wake wa kulia.