Presha ya Mkono Mmoja Inaweza Kukudanganya

Nina miaka 28, ni msusi Mbagala. Mkono wa kushoto unachoka kabla sijamaliza kichwa kimoja, na nesi alihangaika kupata mapigo upande huo. Ni bega?

Huenda ni bega. Lakini mkono unaochoka kazini na kutulia ukipumzika, tena mapigo yake hayashikiki, mishipa yake ya damu iangaliwe. Kuna ugonjwa wa Takayasu, uliopewa jina la daktari wa macho wa Japani aliyeueleza mwaka 1908. Kinga ya mwili hushambulia kuta za aota, mshipa mkuu utokao kwenye moyo, pamoja na matawi yake. Kuta zinavimba na njia ya damu inabana. Ni ugonjwa adimu, na huwapata zaidi wanawake chini ya miaka 40.

Lakini presha ilipimwa mkono huohuo, ikaonekana nzuri.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Mshipa ukibana juu, mashine inasoma kidogo kilichofika mkononi. Presha halisi inaweza kuwa juu sana. Omba upimwe mikono yote miwili. Namba ya juu ikitofautiana kwa zaidi ya 10, na ikajirudia, mwonyeshe daktari. Ukiambiwa "mashine mbovu" kila ukipimwa mkono uleule, usikubali kirahisi.

Moyo unaingiaje hapo?

Mshipa wa figo ukibana, figo huona damu haitoshi na kupandisha presha; moyo unasukuma kwa nguvu miaka na miaka mpaka unachoka. Aota ikitanuka pale inapoanzia, valvu, yaani mlango wa damu kati ya moyo na aota, haifungi sawasawa na damu inarudi ndani ya moyo. Mishipa inayolisha moyo nayo ikibana, hata kijana hupata maumivu ya kifua. Kwingine ukuta uliodhoofika hutuna, na unaweza kupasuka.

Nianzie wapi?

Hospitali iliyo karibu, kisha rufaa. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ipo palepale Muhimbili. Utapimwa damu, eko ya moyo (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) na picha ya CT ya mishipa. Tiba huanza na prednisoloni, mara nyingi pamoja na methotreksati au azathioprini; zote ni dawa za kutuliza kinga ya mwili. Upasuaji, isipokuwa wa dharura, husubiri uvimbe wa kuta za mishipa utulie.

Nikipata nafuu, niache vidonge?

Usiache prednisoloni ghafla hata kidogo. Daktari huipunguza polepole. Na kama unatumia methotreksati, zungumza naye kabla ya kushika mimba, maana inamdhuru mtoto. Kifua kikibana ghafla, au mdomo ukipinda (dalili ya kiharusi), usingoje tarehe ya kliniki: nenda kitengo cha dharura saa hiyohiyo.