Chemsha bongo ya TV: wanavyodhani watu na tuliyoyaona sie tuliosimama pale mbele

Tangu nirudi Kigoma kutoka kwenye kile kipindi cha chemsha bongo (jina silitaji, nilisaini makaratasi na hela ya wakili sina) sijawahi kukaa kijiweni pale Mwanga dakika kumi mtu asiniulize. Bodaboda anauliza, muuza dagaa Kibirizi anauliza, juzi hata fundi aliyekuja kuziba bati ameniuliza akiwa huko huko juu na misumari mdomoni. Na wote wana majibu yao tayari, mi wananiuliza tu kuhakikisha. Haya, nayasema yote kwa mpigo.

"Maswali mnapewa kabla, acha utani"

Hii ndo baba lao. Bingwa wake ni mjomba wangu wa Ujiji, mstaafu wa bandarini, yeye siku naaga aliniambia, "Mjomba, wakikupa hayo majibu usiyaandike mkononi, jasho litafuta." Nikamwambia hawatoi mjomba, akacheka kama mtu anayemsamehe mtoto.

Tumtendee haki lakini, hii kitu iliwahi kutokea kweli. Marekani miaka ya 50 kulikuwa na kipindi kinaitwa Twenty-One, wakawa wanawapa washiriki majibu na kuwafundisha mpaka jinsi ya kujifuta jasho na kuuma midomo ionekane wanateseka kufikiri. Herb Stempel aliambiwa akose swali la filamu iliyoshinda Oscar ya 1955, na jibu alikuwa analijua vizuri tu, ili ashinde Charles Van Doren aliyekuwa na sura ya kupendwa na watu. Van Doren mwenyewe akakiri mbele ya Bunge la kwao mwaka 1959, na mwaka 1960 wakabadilisha sheria, kupanga matokeo ya mashindano kama hayo ikawa ni kosa la jinai.

Ndo maana saivi ulinzi wake ni wa kuudhi kabisa. Kule Jeopardy!, chemsha bongo ya TV ya Marekani, mshiriki haonani na mwendesha kipindi mpaka wakutane pale stejini, na wafanyakazi wanaoyajua maswali hawachanganywi na washiriki. Kwetu simu zilikusanywa saa moja asubuhi zikatiwa kwenye ndoo, yaani ndoo ya plastiki ile ya mfuniko, na mtu ukitaka kwenda chooni kuna dada anakusindikiza mpaka mlangoni anakusubiri hapo nje. Mi nina haya, nikajizuia mpaka saa sita, na nadhani swali la kwanza la mchana nilikosa kwa ajili ya kibofu.

Na anayetaka kuiba naye huwa haendi mbali. Mwaka 2001 Uingereza, kwenye Who Wants to Be a Millionaire, meja wa jeshi Charles Ingram alifika mpaka pauni milioni moja huku kuna mwenzake pale studio anakohoa kila likisomwa jibu sahihi. Hela hawakumpa, na 2003 mahakama ikawatia hatiani yeye, mkewe na huyo mkohoaji.

"Wale vichwa, wanajua kila kitu"

Hamna anayejua kila kitu. Tofauti ni kwamba wale wanajua maswali yanapenda kutokea wapi. Waandishi wa maswali nao ni binadamu, wana visima vyao wanavyochota: miji mikuu, mito na maziwa, miaka ya uhuru, marais, vitabu vya Biblia, alama za elementi, nani alikuwa wa kwanza kufanya nini. Mmarekani mmoja, Roger Craig, alikusanya maswali ya nyuma ya Jeopardy! akayapitisha kwenye kompyuta aone mada gani zinajirudia na yeye yuko dhaifu wapi, akasoma hizo, mwaka 2010 akaweka rekodi ya siku moja ya dola 77,000. James Holzhauer naye, huyu wa 2019 aliyeshinda mara 32 na siku moja akabeba dola 131,127, alisema alikuwa anaingia maktaba sehemu ya watoto. Vitabu vya picha kabisa! Maana cha watoto kinakupa jambo lenyewe kwa kurasa chache na huwezi kusinzia.

Mi nilianza vibaya, niliazima vitabu vinene nikawa nasoma kama naenda kufanya mtihani wa form six, wiki tatu, na nikiulizwa nakumbuka ukurasa ulivyo lakini jina halitoki. Baadaye ndo nikakata maboksi vipande vidogo, mbele swali nyuma jibu. Ukikosa kinarudi karibu, ukipata unakipeleka mwisho wa bunda ukutane nacho siku nyingine. Kuna programu za simu zinafanya kazi hiyo hiyo, Anki kwa mfano, ila mi bando langu na mgao wa umeme vilinishauri maboksi.

Sasa aliyeninoa kweli siyo maboksi, ni mama mmoja aliyepandia treni Uvinza. Nilikuwa naenda Dar kwa ile reli ya zamani, kilometa kama 1,250, mnalala njiani, Tabora mnasimama mpaka mchoke mkisubiri mabehewa ya Mwanza yaunganishwe. Yule mama alikuwa na mifuko ya chumvi chini ya siti, akaniona nachezea vipande vya boksi kama karata, akaniambia lete hapa mwanangu nikuulize. Akawa anasoma taratibu, halafu anahesabu kwa vidole vitatu kwenye goti, moja, mbili, tatu, cha tatu kikigusa goti kabla sijajibu anatupa kipande pembeni, "Umechelewa mwanangu." Namwambia mama nilikuwa nalo mdomoni! "Mdomoni siyo nje." Tulikwenda hivyo mpaka Tabora wakaja wauza asali dirishani, akanunua chupa, tukaendelea, behewa zima likawa linajibu, kuna mzee mmoja amepata Ouagadougou kabla yangu. Katika maandalizi yangu yote hamna kitu kilinisaidia kama vile vidole vitatu, maana nyumbani nilikuwa najipa muda, najionea huruma, natazama dari mpaka jibu lije lenyewe.

"Anayejua ndo anayeshinda"

Hapa ndo pananiuma kwahiyo mnivumilie.

Mtu ukiangalia TV unaona mmoja anajibu mfululizo unasema huyu kawazidi wenzake akili. Kumbe mara nyingi washiriki wote watatu wanalijua jibu, shida ni kitufe, anayewahi kukibonyeza ndo anayejibu. Jeopardy! wana mtu kabisa kazi yake ni kusubiri mwendesha kipindi amalize neno la mwisho la swali, halafu anafungua vitufe, na pembeni ya ubao zinawaka taa ambazo sie watazamaji hatuzioni. Ukibonyeza kabla kitufe chako kinafungwa robo sekunde, na robo sekunde pale ni miaka, mwenzako keshajibu keshachukua hela. Ken Jennings aliyeshinda mara 74 mfululizo mwaka 2004 akatoka na zaidi ya dola milioni mbili na nusu, kidole chake kilikuwa kimeshazoea mdundo wa sauti ya mwendeshaji, na mpinzani aliyefika asubuhi ya siku hiyo huo mdundo ataupata wapi? Ndo maana watu wanajiandaa nyumbani kwa kubofya kalamu huku wanaangalia vipindi. Wamesimama, siyo wamekaa kwenye kochi, maana siku yenyewe utasimama.

Kwetu sheria ilikuwa nyingine. Ruksa kubonyeza swali halijaisha, ila ukibonyeza tu msomaji ananyamaza hapo hapo, unajibu kwa kile ulichosikia. Mi nikafurahi, vidole vya mama wa Uvinza hivyo! Raundi ya pili swali likaanza: "Meli kongwe ya Ziwa Tanganyika iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 na baadaye kuibuliwa na Waingereza..."

Jamani. Mtu wa Kigoma mimi. Meli nimeiona tangu sijaota meno. Mkono haukuniuliza, ukabonyeza.

"Liemba!"

Msomaji akaniangalia kwa huruma, akageukia wenzangu akasoma lote: "...ilijengwa katika mji gani wa Ujerumani?"

Papenburg. Nilikuwa nalo! Kwenye boksi la sabuni, kwa mwandiko wangu: Papenburg 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja kwenye makasha mpaka Dar, ikapanda treni hadi mwisho wa reli, ikaungwa upya Kigoma ikashushwa majini 1915. Jina la kwanza Graf von Götzen. Kuibuliwa 1924, kuitwa Liemba 1927. Yote hayo yako kichwani mwangu na nimesimama pale nimetoa jibu ambalo hakuna aliyeuliza. Kijana wa upande wa kulia akakisia Hamburg, hakupata, wa kushoto akanyamaza, pointi zikapotea hivi hivi ila zangu zilikatwa. Nikawa mwoga wa kitufe mpaka mwisho, swali la kina cha ziwa letu, mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, nikaliachia mtu wa Iringa.

Ukinikuta kijiweni nikakaa kimya ghafla, jua nawaza Papenburg.

"Mnaenda, mnacheza nusu saa, mnarudi"

Nusu saa ya kwenu ndo siku nzima ya kwetu. Vipindi hivi vingi vinarekodiwa kwa mafungu, Jeopardy! siku moja wanarekodi vipindi vitano, yaani bingwa wa "Jumatatu" na wa "Jumanne" ni mtu yule yule aliyekunywa chai saa moja iliyopita kakimbia kubadili shati. Ndo maana washiriki wanaambiwa waje na nguo zaidi ya moja. Na siyo nguo yoyote, mistari myembamba inacheza cheza kwenye kamera. Mi shati langu zuri kuliko yote la drafti ndogo ndogo lilikataliwa mlangoni, nikavaa la fundi mitambo.

Kuna poda (ndiyo, hata wanaume, taa zile zinafanya paji ling'ae kama sufuria), kuna majaribio ya maswali ya uongo ili mzoee kitufe, kuna kusubiri, halafu kuna kusubiri tena. Jeopardy! nyuma ya zile meza kuna vibao vya kupandishwa na kushushwa ili mfupi na mrefu walingane. Kwetu mi nilipandishwa juu ya kreti. Kuna wakati waamuzi walisimamisha rekodi wakabishana jibu la mtu kama likubaliwe, tumesimama pale, mi juu ya kreti, miguu inatetemeka. Nyie kwenye TV hamkuona hata sekunde moja ya hayo.

Na zile stori mnazosikia mshiriki anajieleza, nazo zinachaguliwa kutoka kwenye fomu. Niliandika mambo yangu ya maana, prodyuza akayaruka yote akaniuliza kama huwa nacheza na sokwe. Nikamwambia dada, Gombe ni kwa boti, barabara haifiki, nimekwenda mara moja na shule na sokwe wenyewe walikuwa wamelala juu ya miti. Akasema basi tutasema umekulia karibu na sokwe. Sawa.

"Saivi wewe tajiri"

Nilipata cha mshindi wa pili, kikalipa nauli na madeni ya nauli. Hata Marekani mshiriki mpya wa Jeopardy! anajilipia usafiri na hoteli, hela inakatwa kodi, na haitoki mpaka muda upite baada ya kipindi kurushwa. Huku kwetu mtu akikuona kwenye TV Jumamosi, Jumapili asubuhi amekuja na hodi na mgonjwa.

Kigumu kuliko hela ni kufunga mdomo. Kati ya kurekodi na kurushwa ilipita zaidi ya miezi miwili, na makaratasi yanasema usimwambie mtu. Mjomba alinivizia kila Ijumaa baada ya swala, "Mjomba, umeshinda au hujashinda? Nitikisie kichwa tu." Shikamoo mjomba, nasema, napita.

Siku ikafika, tukajaa kwake Ujiji watu kama ishirini, watoto chini kwenye mkeka, shangazi kapika migebuka kwa mawese. Raundi ya pili ikaja. Mkono wangu ukabonyeza tena mbele ya ukoo mzima. "Liemba!" Chumba kikapiga makofi, halafu swali likasomwa lote, makofi yakaisha moja moja.

Mjomba akashusha kikombe. "Papenburg," akasema, hata TV haijataja. Bandarini miaka thelathini, asijue.

Kisha akawageukia wageni, kwa sauti ya mtu anayenitetea: "Majibu walimpa. Ila huyu alisahau."