Ebola "haina dawa": ujumbe uliowaweka wagonjwa nyumbani

Kwa miaka mingi jumbe za afya zilirudia kwamba Ebola haina dawa, kwa kudhani kuwa hofu ingewafanya watu wajihadhari. Mkoani Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako mlipuko ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, kauli hiyo ilizaa swali la haki kabisa: kama dawa hakuna, mgonjwa apelekwe kituoni kufuata nini, isipokuwa kufia mbali na jamaa zake? Uchaguzi ulipoahirishwa katika miji ya Beni na Butembo kwa sababu zilizotajwa, Ebola ikiwamo, wengi walizidi kuamini kwamba ugonjwa wenyewe ni siasa.

Novemba mwaka huohuo ukaanza utafiti ulioitwa Pamoja Tulinde Maisha, chini ya uongozi wa Profesa Jean-Jacques Muyembe, mtaalamu wa virusi wa Kongo, ukilinganisha dawa nne katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Agosti 2019 kamati huru ya usimamizi ilishauri wagonjwa wapya wapewe mbili tu kati ya dawa hizo, REGN-EB3 na mAb114, kwa kuwa zilikuwa zimeonyesha matokeo bora kuliko nyingine. Matokeo yalipochapishwa, vifo katika siku 28 vilikuwa asilimia 33.5 kwa waliopewa REGN-EB3 na asilimia 35.1 kwa waliopewa mAb114, ambayo asili yake ni kingamwili (protini za mwili zinazopambana na virusi) za mtu aliyenusurika mlipuko wa mwaka 1995 katika mji wa Kikwit, Kongo. Kwa dawa mbili zilizobaki, ZMapp vilikaribia nusu, na remdesivir vilizidi nusu kidogo.

Vichwa vya habari vikatangaza kwamba Ebola inatibika. Ni kweli, lakini mimi naona kauli hiyo, ikiachwa peke yake, ni hatari kama ile ya zamani, maana familia iliyoambiwa "inatibika" kisha ikazika mtu wake haitamsikiliza tena mhudumu wa afya. Takwimu iliyostahili kufika redioni ni nyingine: miongoni mwa walioingia matibabuni wakiwa na virusi vichache mwilini, vifo kwa dawa hizo mbili vilikuwa takriban mmoja kati ya kumi, na kila siku ya kukaa na dalili kabla ya kuanza matibabu iliambatana na ongezeko la hatari ya kufa.

Kwa hiyo ujumbe ningeuandika hivi: "Dawa ipo, haiponyi kila mtu, na humsaidia zaidi anayewahi; ukipata homa, njoo leo." Ningeongeza kwamba ndugu wataweza kumwona mgonjwa, kwani baadhi ya vituo vilikuwa na vyumba vya kuta zinazopenya macho kwa ajili hiyo, na pengine hilo lina uzito kwa mama wa Butembo kuliko asilimia zote.