Je, wajua kwa nini hisa huanza kupanda habari zikiwa bado mbaya?

Wengi wanaouza hisa soko likiporomoka hujiwekea sharti la kurudi: nitanunua tena mambo yakitulia. Sharti hilo linasikika kuwa la busara. Kasoro yake ni kwamba bei haisubiri mambo yatulie.

Marekani ina mfano ulio wazi. S&P 500, fahirisi ya hisa za kampuni kubwa zipatazo 500, ilifika kilele cha 1,565 tarehe 9 Oktoba 2007, ikashuka hadi 677 tarehe 9 Machi 2009. Hapo ndipo palikuwa chini kabisa. Mdororo wa uchumi uliendelea hadi Juni, na ukosefu wa ajira ukapanda hadi asilimia 10 mwezi Oktoba. Aliyengoja ajira zianze kurudi alikuta fahirisi imekwisha kupanda kwa zaidi ya nusu. Mwaka 2020 ilikuwa hivyo hivyo: soko lilifika chini kabisa tarehe 23 Machi, na ukosefu wa ajira ukapita asilimia 14 mwezi uliofuata. Kufikia 18 Agosti fahirisi ilikuwa imevuka kilele chake cha zamani, corona ikiwa bado inaua.

Sababu yake inafahamika kwa yeyote aliyewahi kuuza nafaka. Mvua ikinyesha vizuri na mahindi yakabeba, bei ya gunia huanza kushuka wiki kadhaa kabla ya mavuno. Ghala bado ni tupu, na nyumbani watu bado wanapima unga kwa kikombe. Lakini mwenye magunia anajua kinachokuja, kwa hiyo anauza leo. Bei ya gunia inasoma shamba, haisomi ghala. Hisa nazo ni hivyo: anayenunua leo ananunua faida ya kampuni ya miaka ijayo. Habari zikitoka mbaya, lakini afadhali kidogo kuliko zilivyohofiwa, bei hupanda.

Basi tusubiri siku ya kwanza ya kupanda? Hapana. Tarehe 13 Machi 2020 fahirisi ilipanda kwa asilimia 9.3 kwa siku moja, na siku ya soko iliyofuata, tarehe 16, ikaanguka kwa asilimia 12. Siku bora na siku mbaya hukaa jirani, na siku ya chini kabisa hujulikana ikishapita.

Kinachowezekana ni kupanga kalenda. Kwanza tenga fedha utakazohitaji ndani ya miaka mitano. Hizo zisiingie kwenye hisa. Zilizobaki, tuseme shilingi 600,000, zigawe mafungu sita ya 100,000, ununue kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Mpango huu huvunjika mara nyingi kwenye fungu la pili au la tatu, bei ikishuka tena na mtu akaogopa. Fungu hilo ndilo linalonunua hisa nyingi: kwa bei ya 20 unapata hisa 5,000, kwa bei ya 16 unapata 6,250. Muulize dalali kiwango cha chini cha kamisheni yake kabla ya kugawa, maana mafungu yakiwa madogo mno kamisheni huyala. Na ni haki kusema kwamba mahali ambapo soko hupanda miaka mingi kuliko linavyoshuka, kuingiza fedha zote kwa mkupuo mara nyingi huleta zaidi. Mafungu yanakulinda dhidi ya hofu yako.

Haya yote yanahusu soko pana, tena si kila soko. Nikkei, fahirisi ya hisa za Japani, ilifika kilele Desemba 1989 na haikukivuka hadi Februari 2024. Kampuni moja ni hatari zaidi. Hisa za Kenya Airways zilisimamishwa kwenye soko la Nairobi Julai 2020 na kurudishwa Januari 2025. Kwa miaka minne na nusu mwenye nazo hakuweza kuuza hata moja sokoni, wala kuongeza.