Hifadhi ya kidijitali ya mwandishi: maana yake, na kwa nini picha za kurasa hazitoshi

Hifadhi ya kidijitali ya mwandishi ni mkusanyo wa maandishi na kumbukumbu zake uliowekwa kwenye kompyuta kwa mpangilio unaoeleweka, ukiwa na maelezo ya kila waraka, nakala za tahadhari, na taasisi inayowajibika kuutunza hata baada ya walioanzisha kazi kuondoka. Uwajibikaji huo ndio unaoitenga hifadhi na rundo la picha. Kurasa za kitabu zilizopigwa kwa simu na kusambazwa katika makundi ya WhatsApp zinaweza kumsaidia mwanafunzi wa Masasi au Nachingwea usiku wa kuamkia mtihani, na hilo si jambo dogo, lakini hakuna anayejua zimetoka katika toleo lipi, ni kurasa zipi zilizorukwa, wala zitapatikana wapi simu ile itakapoharibika.

Kinachohifadhiwa si vitabu peke yake. Mwandishi huacha miswada yenye mikato na masahihisho, madaftari, barua, picha, kanda za sauti, makala za magazetini, na matoleo mbalimbali ya kitabu kimoja ambayo pengine hayafanani neno kwa neno. Chukua mfano wa Shaaban Robert, aliyezaliwa Tanga mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Riwaya na mashairi yake yamesomwa shuleni kwa vizazi kadhaa, lakini barua alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, kati ya mwaka 1931 na 1958 zilichapishwa kuwa kitabu mwaka 2002 tu, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hadi wakati huo, msomaji wa kawaida alimjua mwandishi huyu kwa yale tu aliyoamua mwenyewe kuyatoa hadharani. Barua zina tabia moja ambayo mtu anayetaka kumhifadhi mwandishi hana budi kuikumbuka, nayo ni kwamba hazikai kwa aliyeziandika bali kwa waliopelekewa. Kwa hiyo urithi wa mwandishi mmoja huwa umetawanyika katika nyumba nyingi, mikoa mingi na wakati mwingine nchi nyingi, na kazi ya kwanza ya hifadhi ni kuukutanisha, angalau kwa nakala.

Sisi wa kusini mwa Tanzania tuna sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi wa Vita vya Maji Maji, vita vilivyopiganwa kati ya mwaka 1905 na 1907 na kuiacha kusini katika njaa na vifo visivyo na idadi ya uhakika. Utenzi huo uliandikwa kwa hati za Kiarabu. Ulichapishwa Ujerumani mwaka 1933 kwa kazi ya A. Lorenz, kisha mwaka 1957 ukatolewa na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley. Maana yake ni kwamba sauti ya mtu wa Lindi kuhusu msiba wa kusini imetufikia kwa kupita katika mikono ya wageni, na mwanafunzi wa Mtama au Liwale anayetaka kuusoma utenzi ule mzima analazimika kutafuta chapisho la zamani katika maktaba za mbali. Hali ni hiyo hiyo kwa barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, ambazo ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi ya Kiswahili yanayojulikana kubaki. Zimehifadhiwa Goa, nchini India, kwa sababu Goa ndiko ulikokuwa utawala wa Wareno waliokuwa wakiandikiana na watu wa Kilwa.

Hifadhi ya kidijitali haiirudishi karatasi Kilwa wala Lindi, bali inarudisha uwezo wa kuisoma. Mawili hayo hayalingani, na kwa maoni yangu nakala ya kidijitali isifanywe kisingizio cha kufunga mazungumzo kuhusu mahali panapostahili kukaa waraka wa asili. Hata hivyo, mtu anayeweza kuuona mwandiko wenyewe leo, akiwa ameketi Lindi mjini, hana sababu ya kungoja mazungumzo hayo yaishe.

Ili maana ya hifadhi ieleweke vizuri, ni afadhali kuitazama kazi yenyewe inavyofanyika. Tuseme familia moja ya Mikindani ina daftari la marehemu babu yao aliyekuwa mtunzi wa tenzi. Daftari halikunjuliwi kwa nguvu ili lilale bapa, maana uzi wa mgongoni hukatika na kurasa zikaanza kutoka. Huwekwa juu ya mito miwili midogo, likafunguliwa kwa kiasi linachokubali. Kila ukurasa hupigwa picha, pamoja na jalada, kurasa tupu, na kipande chochote cha karatasi kilichochomekwa katikati, ambacho hupigwa picha mahali pale pale kilipokutwa kabla ya kuondolewa. Pembeni huwekwa rula na kadi ya rangi ili atakayeitazama picha baadaye ajue ukubwa halisi wa ukurasa na rangi halisi ya wino. Picha kuu huhifadhiwa katika faili la aina ya TIFF, kwa kawaida kwa nukta 300 hadi 600 kwa kila inchi, na haiguswi tena. Kutokana nayo hutolewa nakala nyepesi ya JPEG ambayo simu ya kawaida inaweza kuifungua bila kumaliza bando.

Baada ya picha hufuata unukuzi, yaani kuyaandika upya maneno ya mwandiko kwa herufi za Kirumi, na hapa ndipo kazi inapokuwa nzito, kwa sababu Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu humtaka msomaji aamue. Waandishi wengi wa zamani walitumia herufi ya b mahali pa p, na f mahali pa v. Alama ya irabu iitwayo kasra ilisimama kwa i na pia kwa e, na ile iitwayo dhumma kwa u na pia kwa o. Mnukuzi anayejua kanuni za utenzi ana msaada mkubwa. Kila kipande kina mizani nane, hivyo neno likisomwa kwa namna inayozidisha au kupunguza mizani, usomaji huo unatiliwa shaka. Vipande vitatu vya kwanza vya ubeti huwa na kina kimoja, hivyo kimoja kikimalizika kwa neno lisilo na ubishi, mara nyingi humwonyesha mnukuzi jinsi ya kuyasoma yale mengine mawili. Hata hivyo hubaki mahali ambapo wajuzi wawili watasoma tofauti, na ndiyo maana hifadhi nzuri huweka picha ya mwandiko na unukuzi wa herufi za Kirumi bega kwa bega, ili msomaji asilazimike kumwamini mnukuzi kwa kila kitu. Kitabu kilichochapishwa humpa msomaji uamuzi wa mhariri mmoja, lakini hifadhi humpa pia ule ushahidi ambao mhariri aliutumia.

Kisha huandikwa maelezo ya waraka, ambayo wataalamu huyaita metadata. Haya ni mambo kama jina la mtunzi, jina la kazi, tarehe, mahali, lugha, aina ya hati, mmiliki wa waraka wa asili, aliyepiga picha, na masharti ya matumizi. Mfumo mmoja unaotumika sana duniani, uitwao Dublin Core, una vipengele vya msingi 15, na unatosha kabisa kwa kuanzia. Wengi huiona sehemu hii kuwa ya kuchosha na kuiacha mwishoni, ilhali bila maelezo picha elfu moja zinakuwa picha elfu moja ambazo hakuna anayeweza kuzitafuta. Majina yenyewe huleta taabu: mtu mmoja anaweza kuandikwa Jamaliddini, Jamaliddin au Jamaluddin, na hifadhi isipoziunganisha tahajia hizo, anayetafuta kwa moja hataziona kazi zilizoandikishwa kwa nyingine. Jambo jingine la kuandika ni historia ya waraka wenyewe: ulikuwa kwa nani, ukaenda kwa nani, ulipatikana lini. Habari hiyo iko vichwani mwa wazee, si kwenye karatasi, na inapaswa kuulizwa mapema.

Lipo wazo kwamba kitu kikishaingia kwenye intaneti hakipotei tena. Si kweli. Mwezi Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza mjini London ilishambuliwa na wahalifu wa mitandao, na miswada yake mingi iliyokuwa imewekwa mtandaoni haikuweza kuonekana kwa miezi mingi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na sehemu kubwa ya Tanzania ikapoteza intaneti au ikaipata kwa kusuasua. Karatasi nazo zina maadui wao, na katika pwani yetu tunawajua kwa majina: unyevu, chumvi ya hewa ya bahari, mchwa, kuvu. Mwezi Aprili 2019 wakazi wa Mtwara walitakiwa kuhamia sehemu salama kwa sababu ya Kimbunga Kenneth, ambacho hatimaye kilitua Msumbiji. Mwezi Mei 2024 mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya kwenda Dar es Salaam upande wa Kilwa. Ndiyo maana kanuni inayofuatwa ni kuwa na nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja kati yake ikae mbali: tuseme diski moja Mtwara, nyingine Dodoma, na ya tatu kwenye seva. Kila baada ya muda, programu hulinganisha faili na alama yake ya hesabu, yaani namba inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake, iliyorekodiwa siku ya kwanza, na faili likiwa limebadilika hata kidogo, huchukuliwa nakala nzima kutoka kwingine. Diski iliyofungiwa kabatini miaka kumi bila kukaguliwa haiwezi kuitwa hifadhi.

Kwa mfano wa kazi iliyofanywa kwa ukamilifu, Chuo Kikuu cha Texas kilinunua nyaraka za Gabriel García Márquez wa Kolombia mwaka 2014 kwa dola milioni 2.2, na Desemba 2017 kikafungua kwa watu wote picha zaidi ya 27,000 za miswada, madaftari na picha zake. Kazi hizo zilikuwa bado zina hakimiliki, na familia ndiyo iliyoridhia zisomwe bure. Chuo Kikuu cha Emory, nacho cha Marekani, kilipokea nyaraka za Salman Rushdie pamoja na kompyuta zake, na wataalamu wakatengeneza programu inayomwezesha mtafiti kuifungua kompyuta moja na kuyaona mafaili kama mwandishi alivyokuwa akiyaona. Mfano huu wa pili unawahusu waandishi wetu chipukizi, ambao miswada yao haipo kwenye daftari bali kwenye simu. Simu ikiibwa, mswada umekwenda.

Suala la haki halikwepeki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliweka ulinzi wa kazi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na mhariri au mfasiri naye ana haki katika kile alichokiongeza. Kumiliki daftari si sawa na kumiliki haki ya kulichapisha: anayelitunza anaweza kuwa mtoto mmoja kati ya wanane, na wote wanastahili kuulizwa. Barua zina siri za watu wengine pia, wagonjwa, wadaiwa, waliotalikiana, ambao hawakuwahi kukubali kusomwa. Inaruhusiwa kabisa, na ni uungwana, waraka uhifadhiwe leo na ufunguliwe kwa wasomaji baada ya miaka iliyokubaliwa kwa maandishi.

Kwa Mtwara na Lindi, ningeanza na orodha kabla ya kununua skana. Maktaba ya mkoa, walimu wa Kiswahili na wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris wanaweza kuandika nani ana nini: tenzi za Mikindani na Kilwa Kivinje, madaftari ya walimu wa madrasa, vitabu vya zamani vilivyochapwa Ndanda, kanda za kaseti za washairi. Orodha hiyo haihitaji fedha nyingi, haimwondolei mtu waraka wake, na huonyesha kipi kinaoza haraka zaidi. Kaseti zitangulie, kwa sababu utepe wake huchakaa na mashine za kuzichezea zinazidi kuadimika, na sauti ya mtunzi akighani kazi yake mwenyewe haiwezi kunukuliwa upya kutoka popote. Baada ya hapo nakala ya kila kitu kilichokwisha kupigwa picha iwekwe pia kwenye kompyuta ya maktaba ya mkoa, isiyotegemea intaneti, ili siku waya wa baharini utakapokatika tena mwanafunzi wa Lindi aendelee kuusoma utenzi wa mtu wa Lindi.