Mvua za wastani si mvua za kiasi

Utabiri wa msimu ukishatolewa, haupiti muda kabla haujafafanuliwa mitaani na redioni hivi: "Mwaka huu mvua ni za wastani, yaani si nyingi wala si chache." Mkulima wa Lushoto akisikia hivyo anaanza kupunguza shamba. Wa Dodoma naye anapata moyo wa kupanda mahindi yanayochukua muda mrefu kukomaa. Wote wamepewa habari ambayo mtabiri hakuisema. Wastani wa utabiri hausemi mvua ni nyingi au chache. Unasema zitakaribiana na zile ambazo mahali pale huzipata.

Maana yenyewe ni fupi. Wastani wa mvua wa kituo ni mvua ya mwezi, msimu au mwaka iliyopimwa hapo kwa miaka 30 mfululizo, ikajumlishwa, ikagawanywa kwa 30. Amani, kwenye milima ya Usambara, hupata karibu milimita 1,900 kwa mwaka. Dodoma hupata kama 570. Mvua za wastani za Amani zikihamia Dodoma ni maafa, na za Dodoma zikihamia Amani ni ukame ambao wazee watausimulia.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huziita za wastani mvua zinazoangukia kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu. Kwa 570 ya Dodoma, hiyo ni kuanzia kama milimita 430 hadi 710. Tofauti ya ncha hizo mbili inakaribia nusu ya mvua ya mwaka mzima, kwa hiyo hata ndani ya neno "wastani" mna nafasi kubwa ya mtu kuvuna vizuri au kukosa. "Mvua kubwa" nayo ni habari nyingine kabisa: hiyo ni inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Msimu unaweza kuwa chini ya wastani na bado ukawa na siku mbili za mvua kubwa zilizozoa daraja.

Neno lenyewe linachangia. Mtu wa kimo cha wastani kwetu ni wa katikati, si mrefu si mfupi, na sikio linalihamisha wazo hilo moja kwa moja kwenye mvua. Linaloudhi zaidi, hata hivyo, ni dhana kwamba kila mahali pana wastani wake tangu kuumbwa, unaosubiri kutajwa. Wastani ni namba iliyotengenezwa na watu, kwa kanuni zilizobishaniwa mwishoni mwa karne ya 19 na miongo ya kwanza ya karne ya 20. Asiyezijua kanuni hizo hana namna ya kujua namba aliyopewa ina uzito gani.

Swali la kwanza lilikuwa miaka mingapi inatosha. Mwaka 1892 mhandisi Mwingereza Alexander Binnie alichukua kumbukumbu ndefu za mvua kutoka nchi mbalimbali, akaangalia wastani wa miaka michache unakwenda kombo kiasi gani ukilinganishwa na ule wa miaka mingi. Wahandisi wa maji walilihitaji jibu hilo ili wajue bwawa lijengwe kubwa kiasi gani. Kwa miaka 5, kosa linaweza kukaribia asilimia 15. Kwa miaka 10 ni kama 8. Ukifika miaka 30 hadi 35, linashuka kwenye asilimia 2 hivi, na kuendelea kuongeza miaka hakuleti faida kubwa.

Pamoja na hayo, 30 tunayoitumia leo ilipatikana kwa njia nyepesi zaidi. Mwaka 1935 wakuu wa idara za hali ya hewa walikutana Warsaw, chini ya chombo kilichotangulia Shirika la Hali ya Hewa Duniani la sasa, wakakubaliana kwamba kila nchi itoe wastani wa kipindi kimoja, 1901 hadi 1930, ili takwimu za nchi moja ziweze kulinganishwa na za nyingine. Sababu kubwa ya kuchagua 30 ni kwamba ndiyo miaka iliyokuwapo: karne ilianza 1901, na data za kulinganishika zilifika hapo. Baadaye kikaja kipindi cha 1931 hadi 1960, kisha 1961 hadi 1990, na sasa wastani unasogezwa kila baada ya miaka 10, ndiyo maana unaotumika leo ni wa 1991 hadi 2020. Anayesema "mvua zimezidi wastani" bila kutaja wastani wa miaka ipi ameacha nusu ya sentensi mdomoni.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi: nani alipima, na kwa chombo gani? Uingereza ya wakati huo ilikuwa na mtandao mkubwa wa wapimaji wa kujitolea, maelfu ya mapadri, walimu, madaktari na watunza bustani, ambao kati ya 1901 na 1919 ulisimamiwa na Hugh Robert Mill. Kanuni zao ndizo zilizosambaa kwenye makoloni. Kipima mvua kilikuwa silinda ya shaba yenye mdomo wa inchi 5, ndani yake faneli na chupa ya kukinga maji. Ukingo wake ulikaa futi 1, yaani kama sentimita 30, juu ya ardhi yenye majani mafupi, mbali na mti au nyumba kwa angalau mara mbili ya kimo cha kitu hicho. Chombo kikisogezwa karibu na mwembe, mti unakinga mvua ya upande mmoja; kikiwekwa juu ya bati au sakafu ya saruji, matone yanaruka kutoka chini na kuingia ndani.

Kila siku saa 3 asubuhi maji yalimiminwa kwenye gilasi nyembamba ya vipimo, jicho likashushwa hadi usawa wa maji, na namba ikasomwa pale maji yalipobonyea katikati, si pale yalipopanda pembeni kwenye kioo. Kiasi chenyewe ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Kwa mdomo wa inchi 5, milimita 1 ya mvua ni mililita 12.7 tu za maji, hivyo kijiko cha chai kikimwagika wakati wa kumimina, zimepotea milimita 0.4. Kulikuwa pia na vipima mvua vya mdomo wa inchi 8, ambavyo kwa milimita hiyo hiyo hukinga mililita 32.4. Kila chombo kina gilasi yake. Gilasi ya inchi 8 ikivunjika na mpimaji akaazima ile ya inchi 5, kila mvua itasomeka mara 2.56 ya ukweli wake, na daftari halitaonyesha dalili yoyote isipokuwa mwaka wa ajabu.

Kisha ni tarehe. Maji yanayosomwa saa 3 asubuhi ni ya saa 24 zilizopita, kwa hiyo kwa utaratibu huo huandikwa kwenye siku iliyotangulia. Yaliyopimwa tarehe 1 Aprili ni ya 31 Machi. Mpimaji asiyelijua hilo haharibu sana jumla ya mwaka, ila anaharibu ya mwezi, na wakati wa masika, usiku mmoja ukileta milimita 60, Machi inapunjwa na Aprili inapendelewa.

Kosa baya kuliko yote halionekani kwa macho: nafasi tupu iliyohesabiwa kuwa sifuri. Mpimaji ameugua wiki nzima ya Aprili, daftari likabaki jeupe, karani wa makao makuu akajumlisha mwezi kana kwamba haikunyesha. Sifuri za namna hiyo zikirundikana, wastani unashuka, na miaka inayofuata, ambayo ni ya kawaida tu, inaonekana kama imezidi. Ndiyo maana wapimaji makini waliandika alama moja kwa siku isiyo na mvua na nyingine tofauti kwa siku isiyopimwa. Aliyeruka Jumapili akapima Jumatatu alitakiwa aandike kwamba maji yale ni ya siku mbili; bila maelezo hayo jumla ya mwezi inabaki sawa, lakini Jumatatu ile inaingia kwenye kumbukumbu za mvua kubwa pasipo haki.

Kwetu mambo yalikuwa na mafundo zaidi. Kipima mvua rasmi cha Kijerumani, kilichobuniwa na mtaalamu wa hali ya hewa Gustav Hellmann, kilikuwa na mdomo wa sentimita za mraba 200, na ukingo wake ulikaa mita 1 juu ya ardhi. Kadiri ukingo unavyopanda ndivyo upepo unavyopeperusha matone yapite juu bila kuingia, hivyo chombo cha mita 1 hukinga pungufu kidogo ya kile cha futi 1. Wajerumani waliandika kwa milimita, Waingereza kwa inchi. Katikati ikaja vita ya 1914 hadi 1918, na vituo vingi vya Tanganyika vikakatika. Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki chini ya Waingereza ilianzishwa 1929, makao yake Nairobi, mkurugenzi wa kwanza akiwa Albert Walter aliyetoka Mauritius. Yaani ulipobaki mwaka mmoja tu kabla kipindi cha Warsaw hakijafungwa. Ukikuta jedwali lenye "wastani wa 1901 hadi 1930" wa mji wa bara, uliza kwanza ni miaka mingapi kati ya hiyo iliyopimwa kweli, na kwa chombo kipi.

Kwa nini wahangaike hivyo? Kwa sababu bila wastani, vipimo vya mahali tofauti havisemezani. Gilbert Walker, aliyeongoza idara ya hali ya hewa ya India kuanzia 1904 hadi 1924, alikuwa akitafuta dalili za kutabiri mvua za monsuni, yaani mvua kuu za msimu za India, miezi kadhaa kabla. Miongoni mwa dalili alizotumia ni mvua ya Zanzibar ya Aprili na Mei, kanieneo ya hewa (yaani mgandamizo wake) ya Mauritius, ile ya Amerika Kusini, na theluji ya Himalaya. Milimita za maji huwezi kuzijumlisha na theluji wala na kanieneo. Njia pekee ilikuwa kuuliza kila kimoja kimetofautiana kiasi gani na wastani wake chenyewe. Mvua nyingi za Zanzibar zilihesabiwa kuwa ishara mbaya kwa India, na "nyingi" hapo ilikuwa nyingi kwa Zanzibar, mahali ambapo mwaka wa kawaida tu hupita milimita 1,500. Uhusiano kadhaa wa aina hiyo ulififia baadaye, lakini namna ya kuupima ilibaki.

Liko jambo moja zaidi ambalo hata wanaojua hesabu hulisahau. Tuseme misimu mitano imeleta milimita 420, 450, 460, 480 na 940. Wastani ni 550, na misimu minne kati ya mitano iko chini yake. Mwaka mmoja wa mafuriko umeuvuta wastani juu. Maeneo makame ndivyo yalivyo, na mkulima wa huko anayelalamika kwamba kila mwaka anaambiwa mvua ziko chini ya wastani huenda anasema kweli tupu. Ndiyo sababu watabiri wa kanda hii ya Afrika Mashariki, badala ya kutumia asilimia za wastani, hupendelea kuipanga miaka 30 kuanzia mikavu hadi yenye mvua nyingi, kisha kuigawa kumi kumi: kumi ya katikati ndiyo inayoitwa kawaida. Kwa mpango huo, mwaka mmoja wa 940 hauwezi kuwasukuma wengine.

Kwa hiyo mtangazaji habadilishiwi kazi. Afute tu ile "yaani si nyingi wala si chache", mahali pake aweke "yaani kama mlivyozoea huko kwenu". Akibakiwa na sekunde kumi, ataje milimita za wilaya na miaka ambayo zilipimwa.